Nilikula trufeli Amsterdam, sasa majibu ya damu yana nyota tatu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nimezaliwa Tanga mwaka 1995 na huu ni mwaka wangu wa tatu Rotterdam. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, kupanga na kubeba mizigo. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia, na nyumbani ndiyo kabisa.

Kwa miezi miwili hivi nimekuwa mchovu, uchovu ambao hauishi hata nikilala siku nzima ya mapumziko. Nikaweka miadi kwa daktari wa familia, akanipangia kutolewa damu siku ya Jumanne. Sasa Jumamosi kabla ya hiyo Jumanne wenzangu wa kazini walinichukua Amsterdam. Kule kuna maduka yanauza trufeli za kuleta njozi, ziko kwenye boksi, hadharani, unalipa kama unavyolipia karanga. Nilikula gramu 15. Sitakudanganya, kwa saa nne au tano niliona ukuta unapumua na nilimlilia marehemu bibi yangu kama amefariki siku ile. Usiku nilikuwa sawa, nikala chipsi, nikapanda treni kurudi.

Jumapili nilimsaidia rafiki yangu Mkenya kuhama. Ghorofa ya tatu, na ngazi za nyumba za huku ni nyembamba, zimesimama kama ngazi ya kupandia darini. Tulibeba friji, mashine ya kufulia na kabati. Jumatatu mapaja na mikono viliuma hata kukunja goti siwezi. Nikaanza panadol, mbili mbili mara nne kwa siku, wiki nzima.

Majibu ya Jumanne yakaja hivi: ALT 92, AST 148, CK 2940. Hizo tatu zina nyota pembeni, yaani zimezidi mpaka wa kawaida. GGT 27, ALP 81 na bilirubini hazina nyota. Daktari akaniuliza kama nakunywa pombe au natumia dawa yoyote, nikasema hapana. Pombe kweli situmii. Hayo mengine nilinyamaza. Akaniambia nipumzike nirudie. Baada ya siku 16 nikarudia: ALT 71, AST 34, CK 412. ALT na CK bado zina nyota, na wiki ijayo natakiwa nirudi kwake.

Nimesoma mtandaoni kwamba dawa hizi za njozi zinavuruga vimeng'enya vya damu. Silali, Shangazi. Najiona nimeliua ini langu kwa upuuzi wa siku moja, na mama aliuza kiwanja ili nifike huku. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifariki kwa ini hajafika miaka 45. Watu walisema ni pombe ingawa mimi sikuwahi kumwona anakunywa. Mama akisikia na mwanawe ni ini, tena kwa kula uyoga wa kulevya, sijui itakuwaje.

Halafu kuna kitu sijui kama kina maana. Wiki tatu kabla ya trufeli, kwenye sherehe, nilimeza nusu ya kidonge cha rangi ya machungwa. Walisema ni eksta.

Je, trufeli ndizo zimeniharibu ini? Nimwambie daktari, au nitaharibu na kazi? Na dada yangu, niliyemwambia tu kwamba sijisikii vizuri, amenitumia unga wa mitishamba wa kusafisha damu. Niunywe?

Mwanao, Rotterdam

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu. Nilikaa maabara ya hospitali miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na mazoea ya kazi hayaniachi: mtu akinitajia namba, kabla ya yote nauliza damu ilitolewa lini na siku zile alikuwa anafanya nini. Wewe umenipa vyote viwili bila kuombwa. Daktari wako umemnyima. Nitafika huko.

Kwanza nikutoe kwenye hofu moja. Trufeli zile hazielezi namba za Jumanne. Sehemu kubwa ya nyota zako tatu ililetwa na friji.

Ngoja nikuonyeshe. Damu yako ikifika maabara inawekwa kwenye mashine ya kuzungusha, dakika kumi hivi kwa kasi kubwa. Mrija ukitoka, chembe nyekundu zimezama chini, na juu imebaki seramu, maji ya rangi ya manjano mepesi kama asali iliyochanganywa na maji. Humo ndimo tunapotafuta vimeng'enya, protini zinazoendesha kazi ndani ya seli. Seramu ikitoka na wekundu, maana yake chembe zimepasuka, labda sindano ilikuwa nyembamba au mrija ulitikiswa. Hapo mtu makini hatoi jibu la AST. Anaomba damu nyingine, kwa kuwa chembe nyekundu nazo zina AST yake na namba itapanda bila mgonjwa kuwa na ugonjwa wowote. Nakueleza haya ili ujue kwamba ALT, AST na CK makao yake ni ndani ya seli. Huko ndiko zinakofanya kazi. Zikionekana nyingi kwenye seramu, kuna seli mahali zimevuja au zimekufa, na kazi yetu ni kujua ni seli za wapi.

ALT kwa sehemu kubwa ni ya ini. AST iko kwenye ini, lakini imejaa pia kwenye misuli na moyo. Kwa kweli ilianza kupata umaarufu kwa ajili ya moyo: mwaka 1954 madaktari wa New York, LaDue, Wróblewski na Karmen, waliionyesha ikipanda kwa wagonjwa walioshikwa na mshtuko wa moyo, na ini likafuata baadaye. Karatasi nyingi za maabara za nyumbani bado zinaiandika kwa jina lake la zamani, SGOT, na ALT wanaiita SGPT. CK yenyewe ni ya misuli, kwenye ini haipo ya kuhesabika.

Rudi sasa kwenye karatasi yako. AST imeizidi ALT kwa mbali. CK imefika karibu 3000. GGT, kimeng'enya cha ini na nyongo ambacho misuli haina habari nacho, imetulia kwenye 27. Na siku mbili kabla umepandisha mashine ya kufulia ghorofa ya tatu, ukashindwa kukunja goti. Hiyo ni misuli. Mzigo usiouzoea, na hasa kuteremka nao ngazi huku unauzuia usikutoke, huchana nyuzi za misuli vipande vidogo vidogo, na CK huendelea kumwagika siku mbili tatu baadaye, wakati maumivu yako kileleni. Ulichomwa sindano siku yenyewe hasa. Laiti ungekuja Ijumaa kabla ya Amsterdam, hizi namba tusingeziona.

Na ile CK 412 ya mara ya pili, yenye nyota? Hiyo nyota mimi siihofii, na sababu imetoka nchi hiyo hiyo unayoishi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wakazi wa Amsterdam, wakiwemo watu weusi wenye asili ya Suriname, watu wazima wa kawaida tu wa mitaani. Ulionyesha kwamba kwa wanaume weupe mpaka wa juu wa CK uko kwenye 340 hivi, na kwa wanaume weusi unafika 800. Tumeumbwa hivyo, si ugonjwa. Lakini mashine nyingi zimewekewa mpaka mmoja kwa watu wote, kwa hiyo zinawabandika vijana wetu nyota ambazo hawastahili. Linaniuma jambo hili, maana nimeona watu wakizungushwa kwa wataalamu miezi kwa ajili ya CK ya 500.

AST imeshuka kwenye 34, CK imekaa pake. Bado ALT 71. Hii ndiyo namba yangu, na ndiyo inayofaa iwe yako. ALT iliyomwagika kwenye damu hupungua nusu kwa kila siku mbili hivi. Katika siku 16 ile iliyotoka kwenye misuli imekwisha yote. Kwa hiyo 71 inatoka kwenye ini, na inaendelea kutoka. Si namba ya kutisha, wapo wanaotembea nayo miaka. Ila ina mwenyewe, na mwenyewe anatakiwa atafutwe.

Tuanze na mshitakiwa uliyemleta wewe.

Kilichomo kwenye trufeli zile kinaitwa psilosaibini. Zenyewe si trufeli za wapishi. Ni vinundu ambavyo uyoga wa jamii hiyo hutengeneza chini ya udongo kama akiba yake. Uholanzi ilipiga marufuku uyoga wenyewe Desemba 2008, vinundu havikutajwa, ndiyo maana uliviona dukani. Psilosaibini ilitambuliwa kikemia na Mswisi Albert Hofmann mwaka 1958, kutoka kwenye uyoga wa Meksiko ambao wenyeji walikuwa wakiutumia kwenye tiba na ibada tangu zamani. Ukiila, mwili unaikata kipande chenye fosforasi na inabaki psilosini, na hiyo ndiyo inayopanda kichwani. Anayekata ni nani? Ni ALP, kimeng'enya kile kile ulichokiona kwenye karatasi yako kikiwa 81 bila nyota. Amefanya kazi yake na namba haikutikisika, kwa sababu kimeng'enya kufanya kazi ni jambo moja na seli kupasuka ni jambo lingine. Nadhani ulichosoma mtandaoni kimechanganya hayo mawili. Baada ya hapo psilosini hufungwa na sukari ya mwili, hutoka na mkojo, na ndani ya siku moja sehemu kubwa imekwenda. Jumanne ile ilikuwa imeshapita.

Majaribio ya hospitali ya miaka ya karibuni, ambako watu hupewa miligramu 25 za psilosaibini safi chini ya uangalizi, hupima ini kabla na baada, na ini halijajitokeza kuwa tatizo. Kwa LSD, dawa nyingine ya njozi, ni hivyo hivyo: watafiti wa Basel, Uswisi, walikusanya vipimo vya watu 83 wenye afya waliopewa kwenye utafiti, na vipimo vya ini na figo vikabaki vilevile. Presha hupanda kidogo, moyo hukimbia, kichwa huuma, wengine hutapika au kushikwa na hofu kubwa. Ini, hapana.

Usisikie nikisema ni salama, nenda kale tena. Madhara ya vitu hivi yanakaa kwenye akili. Wenye majaribio hawampokei mtu ambaye yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia na kuona yasiyokuwepo, kwa kuogopa kuamsha kitu ambacho hakitalala tena. Kama kwenu yuko aliyewahi kuugua hivyo, basi ya Amsterdam iwe ya mwisho. Na hata kama hayuko, mtu aliyekaa miezi miwili hajui kwa nini amechoka hana sababu ya kuupa mwili fumbo jingine.

Nashukuru kitu kimoja, kwamba ulinunua dukani. Ungeniambia uliokota mwenyewe porini, nisingekaa kuandika, ningekwambia ukimbie. Upo uyoga mdogo wa kahawia, Galerina, unaofanana na wa njozi kiasi cha kuwachanganya hata wazoefu, na ndani yake mna sumu ile ile ya Amanita phalloides, uyoga unaoua watu. Sumu hiyo inazuia seli za ini zisitengeneze protini. Ubaya wake ni unavyodanganya. Saa sita za kwanza, pengine kumi na mbili, hakuna kitu, na ukipimwa damu ALT ni safi. Kisha kutapika na kuhara kama kipindupindu. Kisha siku ya pili mtu anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanashukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Na ndani ya nafuu hiyo ndimo ALT inapopanda, mamia, halafu maelfu, na siku ya tatu au ya nne macho yamekuwa ya manjano na ini limeshindwa. Yeyote anayesoma hapa, iwe uyoga wa njozi au wa mboga: kutapika kunakoanza saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini ni hospitali saa ile ile, na msirudi nyumbani kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

Sasa hicho ulichokiita "kitu sijui kama kina maana". Kina maana kuliko trufeli zote za Amsterdam. Eksta ikiwa ya kweli ni MDMA, na vidonge vya Uholanzi vingi siku hizi vimezidi miligramu 150, kwa hiyo nusu yako haikuwa ndogo kama unavyodhani. Na kama haikuwa ya kweli, hakuna ajuaye umemeza nini. MDMA safi kwa kipimo cha hospitali, mtu akiwa amekaa kitini, haikuonyesha kuharibu ini. Kwenye sherehe mambo ni mengine: joto, kucheza saa nyingi, kutokwa jasho. Wapo vijana ambao mwili ulipanda joto hadi misuli ikayeyuka, CK ikafika makumi ya maelfu, mkojo ukawa rangi ya Coca-Cola na figo zikaziba. Na wapo wachache ambao ini lao huvimba siku au wiki kadhaa baada ya kidonge, bila joto lolote, na huwezi kujua mapema ni nani. ALT yako huenda ni mabaki ya hilo. Ndiyo maana daktari lazima asikie.

Hapo hapo niwaambie wengine wanaosoma. MDMA husafishwa na ini kupitia vimeng'enya ambavyo ritonavir huvizuia. Ritonavir imo ndani ya baadhi ya dawa za ARV, hasa za mstari wa pili. Mgonjwa mmoja Uingereza alifariki kwa mchanganyiko huo miaka ya 1990. Anayetumia ARV asiguse kidonge cha sherehe, na kama ameshagusa, amwambie mhudumu wake leo bila kungoja kliniki ijayo.

Panadol, yaani parasetamoli. Mbili mbili mara nne ni gramu 4 kwa siku, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa mtu mzima, na wewe umekaa nacho wiki. Hata kwa watu wenye afya, kiwango hicho kwa siku kadhaa mfululizo kimeonekana kupandisha ALT, kisha hushuka mtu akiacha. Jumanne ya kwanza ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, lakini kipimo cha pili kinaweza kuwa na alama yake. Uliacha lini hasa? Iandike.

Na unga wa dada yako usiufungue. Najua umetumwa kwa mapenzi, na dada hana kosa lolote. Ila mitishamba isiyojulikana ni miongoni mwa vitu vinavyopandisha ALT, na ukiunywa sasa utatuharibia kipimo kijacho, hatutajua namba ni ya nani. Mwambie umefika, mshukuru, uweke juu ya kabati.

Nimebakiza mstari mmoja, ule ulioupitia mbio. Mjomba.

Mdogo wake mama, hajafika miaka 45, hanywi, amekufa kwa ini. Mwanangu, hapo ndipo kalamu yangu iliposimama. Nimeandika majibu ya wajomba wa namna hiyo mengi, na watu walikuja kusema kalogwa, au kumsingizia pombe marehemu asiyeweza kujitetea. Mara nyingi kilichokuwamo ni virusi vya homa ya ini B. Kwetu mtu huvipata mchanga, kwa mama yake wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzake nyumbani, akakaa navyo miaka thelathini haumwi kitu, ALT imepanda kidogo tu, sitini, sabini. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi huwa navyo pamoja. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wewe wa 1995 hukuikuta. Na ukiongeza sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, virusi na sumu hiyo pamoja hulikaribisha saratani ya ini kwa kasi kuliko kimoja peke yake.

Sijasema unavyo. Nasema hujapimwa, na kipimo ni kimoja, HBsAg, kwa damu kidogo tu. Angalia pia kalenda yako mwenyewe: umechoka miezi miwili kabla ya kutolewa damu. Trufeli zilikuja siku tatu kabla yake, na kidonge wiki tatu kabla ya trufeli. Uchovu ulikuwepo kabla yao wote. Huenda ni zamu ya usiku, ambayo peke yake inatosha kumchosha mtu. Lakini umekuwa ukijihukumu kwa Jumamosi moja kiasi kwamba hukutazama kitu kingine chochote.

HBsAg ikitoka hasi, uliza chanjo, na waendelee kutafuta: homa ya ini C, mafuta kwenye ini, na kurudia ALT baada ya wiki kadhaa bila panadol na bila kidonge. Ikitoka chanya, watapima wingi wa virusi na watakupiga picha ya ini kwa ultrasaundi. Wengine hufuatiliwa tu, wengine hupewa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, na mtu anaishi, anaoa, anazaa. Haiambukizi kwa kula sahani moja wala kushikana mikono. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kuhusu kumwambia daktari. Ulichokula kinauzwa dukani kwa sheria za huko. Kidonge si halali, lakini daktari wa familia amefungwa na siri ya mgonjwa, hampigii simu mwajiri wako wala polisi. Na yeye sasa hivi anatafuta gizani kwa sababu ulimzimia taa. Najua ilivyo ngumu kusema mambo haya kwa lugha ya kujifunza ukubwani, mbele ya mtu anayeangalia saa. Usiseme kwa kichwa. Andika, umpe karatasi, au uisome kwa sauti. Nimekuandikia, itafsiri tu:

"Daktari, mara ya kwanza sikukwambia yote. Uchovu wangu ulianza kabla ya haya ninayokwambia. Wiki tatu kabla ya trufeli nilimeza nusu kidonge cha eksta. Siku tatu kabla ya damu ya kwanza nilikula gramu 15 za trufeli za psilosaibini, na siku mbili kabla nilibeba vyombo vizito hadi misuli ikauma. Kisha nilimeza gramu 4 za parasetamoli kila siku kwa wiki. Sinywi pombe. Nimezaliwa Tanzania 1995, sijachanjwa homa ya ini B, na mjomba wangu upande wa mama alikufa kwa ugonjwa wa ini kabla ya miaka 45. Naomba nipimwe homa ya ini B na C."

Hayatazidi dakika moja. Na kama kabla ya wiki ijayo macho yatageuka manjano, mkojo uwe mweusi kama chai ya rangi, utapike usiweze kutunza kitu tumboni, au wenzako waseme unaongea usiyoyajua, usingoje miadi. Nenda dharura.

Mama usimfiche kwa kumwogopea. Ya trufeli na kidonge ni yako, ukitaka kumwambia utamwambia siku yako. Lakini ya mjomba muulize. Mpigie wakati hana haraka, muulize mjomba alianza vipi, tumbo lilijaa maji au hapana, hospitali walimwambia nini, na bibi naye alifariki kwa nini. Majibu yako yakitoka chanya, mama na dada zako nao inabidi wapimwe, na watoto wao wachanga wapate chanjo mapema. Kwa hiyo simu hiyo itakuwa na kazi ya kufanya, haitakuwa ya kumtia mama simanzi tu.

Majibu ya HBsAg yakitoka niandikie, namba zote, na tarehe ya kutolewa damu.

Shangazi